Mashine Ndogo ya MIG kwa Nyumba ya Sahare: Uchambuzi wa Kisa cha Mnunuzi Mmoja

Mwalimu mstaafu anayeishi Sahare, jijini Tanga, katika nyumba iliyo karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa kusi hufikisha chumvi hadi kwenye vitasa vya milango, aliamua kununua mashine ndogo ya kuchomelea ya aina ya MIG, yaani ile inayosukuma waya wa kuchomelea yenyewe kupitia tochi, mkono wa kushika, badala ya kutumia fimbo. Sababu yake inafahamika kwa kila mwenye nyumba wa mwambao: vyuma haviishi kutu. Geti lilikuwa limeoza sehemu ya chini, grili mbili za madirisha zilikuwa zimeachia kwenye viungo, banda la kuku lilihitaji fremu mpya, na sinia la toroli lilikuwa limetoboka. Kila mara alimwita fundi kwa kazi ya nusu saa na kulipa gharama ya siku nzima. Alitenga shilingi 900,000 kwa mashine na vifaa vyake vyote, akamwomba mpwa wake, fundi wa magari mwenye gereji Ngamiani, amsindikize dukani. Mimi niliitwa kwa ajili ya umeme, kisha nikajikuta nimo katika shauri lote.

Wanunuzi wengi wa mashine hizi huanzia dukani, wakaulizana na muuzaji ipi ina nguvu zaidi, kisha wakarudi nyumbani kugundua kwamba nguvu hiyo haina pa kuchomekwa wala chuma cha kuifaa. Katika kisa hiki tulikubaliana kuanzia nyumbani: kwanza chuma kitakachochomelewa, pili umeme uliopo, tatu mahali ambapo kazi itafanyika. Bei na ukubwa vingefuata baada ya hayo matatu.

Chuma kilipimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, na hapo hapo palikuwa na la kujifunza. Bomba za mraba za geti, za milimita 40 kwa 40, zilinunuliwa kwa jina la geji 16, ambayo kwa vipimo vya Kiingereza vya waya na bati ni takriban milimita 1.6. Kalipa ilionyesha 1.3. Bomba za banda la kuku zilikuwa chini ya hapo, na sinia la toroli lilikuwa milimita moja tu pale ambapo kutu haijala. Vyuma vinene katika orodha vilikuwa bawaba za geti na vyuma bapa vya milimita 4, pamoja na kitu kimoja ambacho mwalimu alikitamani kuliko vyote: stendi ya tangi la maji la lita 1,000, itakayotengenezwa kwa vyuma vya pembe vya milimita 50 kwa 50, unene wa 5. Stendi hiyo nitairudia, kwa kuwa ilistahili kuamuliwa peke yake.

Kuna kanuni ya makadirio ambayo mafundi wengi huitumia hata bila kuitaja: chuma laini huhitaji karibu ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene. Kwa kanuni hiyo toroli linataka ampea 40, geti linataka ampea 50 au zaidi kidogo, na karibu orodha nzima ya mwalimu, ukiziondoa stendi ya tangi, zile bawaba na vile vyuma bapa, iko kati ya ampea 40 na 100. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mashine yoyote halikuwa inafika ampea ngapi juu, bali inashuka hadi ngapi bila moto kuyumba. Mashine ambayo moto wake wa chini kabisa ni ampea 60 itatoboa bomba la banda la kuku hata mikononi mwa fundi aliyezoea, na mwalimu hakuwa na mazoea hayo.

Dukani palikuwa na mashine tatu zilizoingia katika bajeti. Ya kwanza, ya bei nafuu kuliko zote, ilikuwa ya transfoma, isiyotumia gesi ya kuukinga mshono dhidi ya hewa, yenye swichi ya hatua nne tu za moto. Tulipolisoma bamba lake la taarifa tulikuta inatoa umeme wa AC, unaogeuza mwelekeo kila mara. Mashine za namna hii zipo nyingi katika kundi la bei ya chini, na kasoro yake ni kwamba waya wa unga usiohitaji gesi, yaani mrija mwembamba wa chuma wenye unga ndani, umetengenezwa kwa ajili ya umeme wa DC, wa mwelekeo mmoja, tochi ikiwa upande wa hasi. Ukiuchoma kwa AC unashika, lakini kwa moto unaorukaruka na matone mengi ya chuma yanayoganda pembeni mwa mshono, hivi kwamba muda uliookolewa kwenye kuchomelea unatumika kwenye kupiga grainda. Tuliiweka kando bila mjadala mrefu.

Ya pili ilikuwa na namba 250 imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa nyekundu, na hiyo ndiyo iliyomvutia mwalimu.

“Si bora nichukue kubwa, mwanangu, ije kunifaa na baadaye?” alimwuliza mpwa wake.

“Mjomba, hiyo namba ya ubavuni ni ya kuuzia,” mpwa akamjibu. “Tuigeuze tusome mgongo wake.”

Bamba la mgongoni ndilo linalosema kweli, kwa sababu ndiko mtengenezaji anakotakiwa kuandika mashine inatoa ampea ngapi na kwa muda gani. Herufi X husimamia asilimia ya dakika kumi ambazo mashine inaweza kuchomelea mfululizo kabla ya kuhitaji kupoa, kipimo kinachochukuliwa katika joto la nyuzi 40. Bamba la ile mashine ya “250” lilisomeka hivi: ampea 140 kwa asilimia 20, ampea 81 kwa asilimia 60, na ampea 63 kwa asilimia 100. Maana yake ni kwamba kwenye ampea 140 unachomelea dakika mbili, kisha unasubiri dakika nane. Namba 250 haikuwapo popote kwenye bamba hilo. Wala isingeweza kuwapo, kwa sababu ampea 250 za MIG huhitaji volti zipatazo 26.5 kwenye moto, yaani zaidi ya kilowati 6.6 zinazotoka; ukiongeza kinachopotea ndani ya mashine unapata kilowati 8 na zaidi zinazoingia, ilhali plagi ya ampea 13 iliyofungwa kwenye waya wake hupitisha takriban kilowati 3 kwa volti 230. Mtu anaweza kuifanya hesabu hiyo akiwa amesimama dukani, kwa simu yake, na ningependa kila mnunuzi aifanye kabla ya kutoa pesa.

Sikuona kwamba mashine hiyo ni mbovu kwa sababu ya namba ya uongo. Mashine ya ampea 140 za kweli ingeweza kumtosha mwalimu. Kasoro zake zilizotufanya tuiache zilikuwa mbili nyingine: ilianzia ampea 50, na tochi yake ilikuwa imefungwa moja kwa moja ndani ya mashine, hivyo mrija wa ndani unaopitisha waya ukiisha au ukizibika, inabidi kufungua sanduku zima.

Ya tatu ilikuwa inveta, mashine inayobadili umeme kielektroniki badala ya kutegemea transfoma kubwa, iliyoandikwa 160 ubavuni, na 160 hiyo hiyo ilikuwa kwenye bamba: ampea 160 kwa asilimia 25, ampea 103 kwa asilimia 60, ampea 80 kwa asilimia 100, na chini inashuka hadi ampea 30. Ilikuwa ghali kuliko zile mbili. Lakini ilitumia waya mzima, usio na unga ndani, unaohitaji gesi, na pia waya wa unga usio na gesi, kwa kuwa ndani ya mlango wake kulikuwa na kiungo cha kubadilisha chanya na hasi. Ilikubali kuchomelea kwa fimbo za kawaida vilevile. Tochi yake ilifungwa kwa kiungo cha aina ya Euro, kinachofunguliwa kwa mkono na kubadilishwa kwa tochi nyingine. Na ilipokea kigurudumu cha waya cha kilo 1 na cha kilo 5. Hayo manne, kwa maoni yangu, yana thamani kuliko ampea 90 za rangi nyekundu.

Kabla ya kulipa, mpwa alitoa mfukoni kipande cha bomba la geti walichokikata nyumbani, akaomba mashine iwashwe. Muuzaji alisita kidogo, kisha akakubali. Jaribio hili halina mbadala. Unasikiliza: moto mzuri wa MIG kwenye chuma chembamba hutoa sauti ya mfululizo kama bagia zikikaangwa, na ukisikia mipasuko ya hapa na pale ujue waya unakuja kwa kasi isiyolingana na volti, au rola zinazousukuma zinateleza. Mpwa aliufungua mlango akatazama rola. Waya mzima hutaka rola yenye mfereji laini wa umbo la V unaolingana na kipenyo cha waya, na waya wa unga, ambao ni mrija laini unaobonyea, hutaka rola yenye meno madogo isiyohitaji kubanwa sana. Aliomba rola zote mbili ziwe ndani ya boksi, na ncha za shaba za ziada za milimita 0.8. Muuzaji akaongeza ncha tano bila malipo, na sidhani kama angeziongeza baada ya pesa kukabidhiwa.

Sasa umeme. Nyumba ya mwalimu ina njia moja ya volti 230, na soketi za sebuleni zimefungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Nilipima volti mchana nikapata 228. Nilipima tena jioni, feni na pampu za mtaa zikiwa kazini, nikapata 208. Inveta huvumilia kushuka huko, ila hufidia kwa kuvuta ampea zaidi, na ampea zaidi ndizo zinazochemsha plagi. Kwa kazi ya ampea 80 kwenye moto, mashine ile huvuta takriban ampea 11 ukutani, na soketi ya kawaida iliyofungwa vizuri inaimudu. Kwa ampea 160 huvuta zaidi ya 25, na hapo soketi ya ampea 13 haifai hata kwa dakika mbili. Pendekezo langu lilikuwa kuvuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye ubao mkuu hadi ukuta wa nyuma, wenye breka yake ya ampea 32 ya aina C, isiyoruka kila mashine inapowashwa, na soketi ya viwandani ya rangi ya bluu. Gharama yake iliingizwa katika zile 900,000 tangu mwanzo.

Mwalimu aliuliza kama asingeweza kutumia ekstensheni yake ya mita 30 ili kuokoa pesa hizo. Waya wa ekstensheni hiyo ulikuwa wa milimita za mraba 1.5. Shaba ya urefu wa mita 30, kwenda na kurudi, katika unene huo ina upinzani wa takriban omu 0.7, hivyo kwa ampea 16 unapoteza volti 11 njiani. Ukiziondoa kwenye zile 208 za jioni unabaki na 197. Na hapo nimekadiria kwamba waya ni shaba tupu, ilhali madukani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo hupoteza zaidi. Ekstensheni iliyoachwa imejikunja kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki ikalainika. Tuliiacha ibaki ya redio na taa.

Watu huogopa pia kwamba mashine itamaliza umeme wa LUKU. Ukichomelea kwa ampea 80, saa nzima ya moto mfululizo haifiki yuniti mbili, na hakuna mtu wa nyumbani anayechomelea saa nzima mfululizo, kwa kuwa muda mwingi huishia kwenye kukata, kupanga na kusafisha. Pesa ya mashine ya MIG haiendi kwenye umeme. Inaenda kwenye waya na gesi.

Gesi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Kwa chuma laini inatosha CO2 tupu, ambayo hupenya vizuri ingawa hurusha matone mengi kuliko mchanganyiko wa argoni na CO2. Matumizi ya kawaida kwa mashine ndogo ni karibu lita 10 kwa dakika. Kilo moja ya CO2 hutoa takriban lita 540 za gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 10 humpa mtu karibu saa tisa za moto, ambazo kwa matumizi ya nyumbani ni miezi mingi. Kwa hesabu hiyo gesi si ghali. Kilicho ghali ni mtungi wenyewe na regyuleta yake, vitu vinavyolipiwa mara moja kabla ya kuchomelea hata sentimita moja, na ambavyo vingekula sehemu ya bajeti iliyotengwa kwa ajili ya soketi.

Hata pesa ingekuwapo, palikuwa na upepo. Uwanja wa mwalimu uko wazi upande wa mashariki. Gesi ya kukinga moto wa MIG ni pazia jembamba linalotoka kwenye nozeli, na upepo wa mita mbili tu kwa sekunde, ambao kwenye ngozi unauhisi kama upepo mwanana wa asubuhi, unatosha kulipeperusha. Matokeo yake ni mshono wenye vitundu kama sifongo, ambao kwa juu unaweza kuonekana mzima. Kusi linapovuma, na hata kaskazi la Januari, upepo wa Sahare mara nyingi unapita kiwango hicho. Waya wa unga usiohitaji gesi hutengeneza kinga yake wenyewe kutokana na unga unaoungua ndani yake, kisha huacha ganda juu ya mshono kama fimbo za kawaida. Hutoa moshi zaidi, hauna sura nzuri, na kwenye chuma cha milimita moja unataka mkono mwepesi kuliko waya mzima wa milimita 0.6 wenye gesi. Lakini kwa uwanja ule, katika hali ile, ndio ulioweza kufanya kazi. Uamuzi ukawa kuanza bila gesi, kwa mashine inayoweza kupokea gesi baadaye.

Jambo moja linasahauliwa sana na wanaobadili waya: kubadili chanya na hasi. Waya wa unga hutaka tochi ikae upande wa hasi. Waya mzima wa gesi hutaka tochi upande wa chanya. Mtu akiacha kiungo kama kilivyotoka kiwandani atalaumu mashine, waya na muuzaji, wakati kosa liko kwenye skrubu mbili.

Hewa ya bahari iliamua pia ukubwa wa kigurudumu cha waya. Kwa kilo, waya wa kigurudumu cha kilo 5 ni nafuu kuliko wa kilo 1, na fundi wa gereji asingefikiri mara mbili. Mwalimu hatamaliza kilo 5 upesi, na waya uliokaa ndani ya mashine katika hewa yenye chumvi hupata kutu. Waya mzima umepakwa shaba, lakini mpako huo ni mwembamba, na ukishaanza kutu unga wake hujaa kwenye mrija wa tochi na ncha ya shaba hadi waya ukwame. Waya wa unga una tatizo la ziada, kwani unga wake hunyonya unyevu na mshono ukatoka na vitundu. Kwa hiyo cha kilo 1, kinachotolewa kila baada ya kazi na kufungiwa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndicho kilichokuwa nafuu kwa nyumba ile ingawa bei yake kwa kilo ni kubwa. Mashine yenyewe ilitengewa rafu ndani ya nyumba, juu ya sakafu, ikifunikwa kitambaa. Sisimizi na mijusi wa Tanga hupenda joto la vyombo vya umeme, na nimewahi kumtoa mjusi mkavu kwenye feni ya inveta ya mtu mwingine.

Nirudi kwenye stendi ya tangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja, juu ya vichwa vya wajukuu wanaocheza chini yake. Chuma cha milimita 5 kinataka, kwa ile kanuni, ampea 200, na mashine ndogo ya MIG ikilazimishwa huweka mshono unaokaa juu ya chuma bila kuzama, wenye sura nzuri na usioshika. Hatari yake ni kwamba haionekani kwa macho. Ingewezekana kutumia upande wa fimbo wa mashine hiyo hiyo, kwa kusafisha kingo na kupitisha mshono zaidi ya mmoja, na fundi mzoefu angefanya hivyo bila shida. Mpwa alimwambia mjomba wake wazi kwamba stendi apewe fundi wa Mabawa anayezitengeneza kila wiki, na mwalimu, ambaye mwanzoni alinuna, alikubali.

Usalama naupitia kwa kifupi kwa kuwa mengi yanajulikana. Kofia ya kuchomelea yenye kioo kinachojitia giza, hadi namba 10 au 11, ilinunuliwa siku hiyo hiyo. Jiko la nje la mwalimu limeezekwa makuti, hivyo kazi ilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, ndoo ya maji ikiwa karibu. Bomba zenye mpako wa zinki husuguliwa kwanza hadi chuma cheupe, kwani moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baada ya kazi. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa kwa nia ya kujikinga hayaondoi moshi huo mapafuni.

Mashine ya 160 ilinunuliwa, na pamoja na kofia, waya, ncha, diski za grainda na njia mpya ya umeme, bajeti ilibaki na pesa kidogo. Geti lilikatwa sehemu ya chini iliyooza, likasuguliwa hadi chuma kizima, kwa sababu MIG haivumilii kutu na rangi kama fimbo inavyovumilia, na likaungwa bomba jipya kwa mishono mifupi mifupi ili lisitoboke wala kupinda. Mishono ya kwanza ilikuwa ya kusuguliwa tena. Ya mwishoni mwa siku ilikuwa ya kupakwa rangi. Banda la kuku limesimama. Mtungi wa gesi umeahirishwa hadi ukuta wa matofali upande wa bahari utakapojengwa, na mpwa ameagizwa aulizie bei ya kujaza mtungi kabla ya bei ya mtungi wenyewe.